Ukivuka Ruvuma michango yako haifutiki, ila ichungulie kabla hujaondoka

Watu wanatufata dirishani hapa Mtwara, mmoja anavuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kwenda kutafuta Msumbiji, mwingine kapata kazi Oman, na wote swali ni hilohilo: hela yangu ya mfuko wa hifadhi ya jamii ndo imeenda? Haijaenda popote jamani. Michango uliyokwishachanga inabaki kwenye jina lako hata ukikaa nje miaka ishirini.

Shida iko kwenye miezi. Pensheni ya uzeeni inataka miezi 180 ya michango, na umri ni 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Sasa chukulia fundi wa kiwanda cha saruji kachangia miezi 150 halafu kaondoka, amebakiza 30 tu, asipoimalizia akifika 60 analipwa mkupuo maalum mara moja basi, hakuna cha kila mwezi. Na asidhani miezi ya Oman itajazia, miezi ya nchi mbili inaunganishwa pale tu nchi zenyewe zina mkataba wa hivyo. Ndo maana tunawaambia mjiandikishe uchangiaji wa hiari NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, mkaendelea kulipa mkiwa hukohuko.

Ila kabla ya yote chukua taarifa ya michango yako, isome mwezi kwa mwezi ukilinganisha na salari slipu. Kuna waajiri wanakata kwenye mshahara halafu hawapeleki, na hilo ukiligundua ukiwa bado upo Mtwara unalifatilia, ukiligundua uko Muscat na kampuni ilishafungwa hapo ni kasheshe kwelikweli. Angalia na jina, lifanane na la kitambulisho cha taifa cha NIDA herufi kwa herufi, na warithi uwaandike sawasawa, namba ya simu pia ukiibadilisha sema.

Mstaafu wa PSSSF, ule mfuko wa watumishi wa umma, anayemfata mtoto wake nje asisahau uhakiki wa kuthibitisha bado yuko hai, siku hizi unafanyika kwa simu janja kupitia programu ya PSSSF Kiganjani, usipohakikiwa pensheni inasimama.

Na nyie mliofanya kazi Uingereza mkarudi Lindi: pensheni ya serikali ya kule inataka angalau miaka 10 ya michango, kamili ni 35, na unaweza kulipwa ukiwa huku, ila kwa anayeishi Tanzania haiongezwi kila mwaka kama kwa walioko kule, kiwango ulichoanza nacho ndo hichohicho, kwa hiyo mahesabu yako yapige kwa bei ya mchele ya mbele huko sio ya leo.