Nani hajalipa? Kuchuja listi moja ya Excel kwa kutumia nyingine

Kazi ninayoletewa kuliko zote ni hii: mtu ana shiti mbili, moja ina wanachama wote wa kikundi, ya pili ni miamala ya waliotuma mchango kwa simu, anataka kujua nani hajalipa. Wengi wanaanza kwa macho, wanapaka rangi ya njano mmoja mmoja, sawa kwa watu thelathini utafika, ila wakiwa mia nne utapaka mpaka usiku na bado kuna mtu utamruka.

Kabla ya fomula yoyote amua kwanza unalinganisha kwa kitu gani. Majina achana nayo kabisa. Huku Mohamed kule Muhammad, huku majina matatu kule mawili, na Excel haijui kama ni mtu yule yule. Tumia namba ya simu. Nayo ina vituko vyake, mwingine kaanza na 07, mwingine 2557, mwingine kaweka + na nafasi katikati, na ukiichapa tu kama namba ya kawaida Excel inaila ile sifuri ya mbele. Dawa ni kubaki na tarakimu tisa za mwisho, ambazo kwa Tanzania na Kenya hazibadiliki hata mwanzo uandikweje. Kwenye kolamu tupu ya pembeni (mi natumia D, simu zikiwa B) andika:

=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),CHAR(160),""),9)

Hiyo CHAR(160) ni ile nafasi inayokuja ukikopi kutoka kwenye wavuti, kwa macho ni nafasi ya kawaida ila TRIM (fomula ya kuondoa nafasi za ziada) haiitoi, na ndo inayofanya watu waapie kwamba Excel imeharibika. Kama kuna vistari ongeza SUBSTITUTE nyingine. Fanya hivyo kwenye shiti zote mbili, sio moja, maana RIGHT inatoa maandishi na ukilinganisha maandishi na namba, MATCH (fomula ya kutafuta, inakuja hapa chini) haioni kitu.

Sasa rudi shiti ya wanachama (mi nimeiita Wanachama, ile ya miamala nimeiita Malipo), kolamu E:

=ISNUMBER(MATCH(D2,Malipo!$D$2:$D$900,0))

Buruta mpaka chini, washa filta, chagua FALSE, hao ndo ambao namba zao hazipo kwenye malipo. Zile alama za dola usiziache, bila hizo ukiburuta eneo la kutafutia nalo linashuka pamoja na wewe, watu wa juu kwenye listi ya malipo wanapotea kimya kimya. Na ile 0 ya mwisho ndo inayosema nataka inayofanana kabisa, usipoiweka MATCH inachukulia listi imepangwa kwa mfuatano na inakupa majibu ya ajabu.

Mtu ataniuliza mbona situmii COUNTIF, ile inayohesabu kitu kipo mara ngapi, ni fupi. Kwa simu tumia tu, haina shida. Shida inakuja kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ile ina tarakimu 20 na Excel inashika 15 tu za namba, kwa hiyo ukifungua faili la CSV moja kwa moja tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena. Wengi hilo wanalijua, wanaweka fomati ya Text mapema. Wasilolijua ni kwamba hata zikiwa Text, kama zimeandikwa bila vistari COUNTIF inazigeuza namba yenyewe kwa ndani, inaangalia 15 za mwanzo, na zile 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili tofauti wakigongana hizo 15 inakwambia yupo wakati hayupo. MATCH inalinganisha maandishi yote mpaka mwisho. Ndo maana mi nimeizoea hiyo kwa kila kitu.

Ukiwa na Excel 2021, au 365, au Google Sheets, kolamu E huihitaji kabisa, shiti mpya weka:

=FILTER(Wanachama!A2:D500,ISNA(MATCH(Wanachama!D2:D500,Malipo!D2:D900,0)))

Listi ya wasiolipa inajitokeza yenyewe na inabadilika malipo yakiongezeka. Excel 2019 haina FILTER, usihangaike. Na kama kompyuta yako inagoma hizo koma, weka nukta mkato, ni mipangilio ya eneo tu.

Kuna pia Advanced kwenye menyu ya Data, wazee wa ofisi wanaipenda, ila kwa maandishi inachukua chochote kinachoanza na neno ulilompa, ukiweka Asha anakuletea na Ashatu. Mi siigusi.

Mwanachama ambaye simu yake haikujazwa naye mwangalie mapema, kwa sababu ile RIGHT inampa seli yenye utupu, na kukiwa na malipo yasiyo na namba watakutana tupu kwa tupu na atahesabika kalipa. Halafu kabla hujaituma listi ya wadaiwa kwenye grupu la WhatsApp, geuza zoezi: chukua malipo uyatafute kwenye wanachama. Yatakayobaki bila mwenyewe mara nyingi ni mtu kalipa kwa simu ya mumewe au ya wakala, na unakuta huyo huyo yupo kwenye listi yako ya wasiolipa. Aliyelipa nusu hapa haonekani, MATCH inasema yupo tu, haisemi kalipa shilingi ngapi, hiyo ni kazi ya SUMIF, ile ya kujumlisha.