Kabla hujanunua kontroli boksi nyingine: jinsi ninavyozifuatilia kodi za U

Gari likiingia gereji na kodi ya U, yaani namba ya hitilafu inayosema boksi fulani halisikiki, kama U0100 (la injini) au U0121 (la ABS, breki zisizojifunga), mara nyingi mwenye gari ameshaambiwa na mtu kwamba kontroli boksi, ile kompyuta ndogo inayoongoza sehemu hiyo ya gari, imekufa. Wengine wanakuja na boksi jingine kabisa mkononi, la mtumba, limenunuliwa Ilala kwa fedha nzuri. Nikilifunga, kodi inarudi ileile, na sasa kuna tatizo la pili: boksi la gari jingine linataka kupangwa upya likubaliane na gari hili, na likiwa la injini linaweza kukataa hata funguo. Fedha hiyo naionea uchungu, kwa sababu kwa sehemu kubwa ilikuwa inaokoleka kwa mita na balbu.

Gari la leo lina boksi la injini, la gia, la ABS, la usukani wa umeme, la eabegi, la dashibodi na mengine. Yanazungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mtandao wa CAN ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Kila boksi linarusha taarifa zake mara nyingi kwa sekunde: la injini linatangaza mizunguko ya injini, la ABS linatangaza kasi ya kila tairi, na anayehitaji anasikiliza. Boksi la injini lisipoisikia ABS kwa muda uliopangwa, linaandika U0121 kwenye kumbukumbu yake lenyewe. Shika hapo. Kodi imeandikwa na msikilizaji, na boksi linalotajwa ni lile ambalo halikusikika. Ni sawa na mtu wa kwenye grupu la WhatsApp anayesalimia kila asubuhi, halafu leo kimya. Huenda simu imezima chaji, bando limeisha, mnara umekata, au simu imekufa kweli. Grupu haliwezi kujua ni lipi.

Kwa hiyo sianzi na boksi lililotajwa, naanza kwa kuwasikiliza wote. Vile vifaa vidogo vya kusoma kodi kwa Bluetooth, vya ELM327, mara nyingi vinaishia kwenye injini, havitoshi kwa kazi hii. Ninahitaji mashine ya kusoma kodi inayoingia kila boksi, na ninachukua karatasi: nani amejibu, nani hakujibu, na kila aliyejibu analalamika kuhusu nani. Wote wakiilalamikia ABS, na ABS yenyewe haijibu mashine, tatizo liko upande wa ABS: umeme wake, ethi yake (njia ya kurudi kwenye hasi ya betri), tawi lake la nyaya, au lenyewe. Akiwa analalamika mmoja tu na wengine wanaisikia ABS vizuri, namwangalia huyo mlalamikaji. Nusu ya maboksi yakipotea kwa pamoja, nafungua mchoro wa nyaya natafuta mahali njia ya hao waliopotea inapoungana na ya wenzao. Karatasi hiyo inaniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote cha bei kubwa.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, nafuta kodi zote, nawasha gari na kuangalia zipi zinarudi. Betri iliyochoka inashusha umeme sana stata inapovuta, maboksi yanazima kwa kitambo kifupi, na kila mmoja anaandika kwamba mwenzake amepotea. Fundi aliyechomoa soketi swichi ikiwa imewashwa anaacha kodi za namna hiyohiyo. Hizo ni kumbukumbu tu, zisikuhangaishe.

Sasa umeme na ethi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapodanganywa na mita. Nililetewa gari dogo la Kijapani, spidomita imelala kwenye sifuri, taa ya ABS inawaka, usukani mzito wakati wa kuegesha. Wote wanailalamikia ABS, yenyewe kimya. Aliyelipima kabla yangu alichomoa soketi ya ABS, akaweka mita kati ya pini ya umeme na pini ya ethi, akasoma volti 12.4, akahukumu boksi. Lakini mita haivuti mkondo wowote wa maana. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya ulioliwa na kutu unaweza kupitisha volti 12 mpaka kwenye mita. Boksi likitaka kufanya kazi linavuta mkondo, na hapo ndipo waya mbovu unapojulikana.

Nilichukua balbu ya indiketa ya wati 21, nikaiunga kwenye pini hizohizo mbili. Iliwaka wekundu hafifu, unaona uzi wake tu. Nikaacha upande wa umeme palepale, nikahamisha upande wa ethi moja kwa moja hadi kwenye hasi ya betri: ikawaka kwa nguvu zake zote. Umeme mzima, ethi mbovu. Nikairudisha balbu kwenye pini zote mbili, nikapima kati ya pini ya ethi na hasi ya betri: zaidi ya volti 8 zilikuwa zinapotelea njiani. Waya ule ulikuwa unaishia kwenye bolti chini ya trei ya betri, na chini ya kichwa cha bolti palikuwa pamejaa ungaunga mweupe wa tindikali ya betri uliochanganyika na kutu. Nilisugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikabadilisha kichwa cha waya, nikakaza, nikapaka grisi. Kipimo kilekile kikashuka chini ya volti 0.1. ABS ikajibu mashine, spidomita ikaamka.

Umeme na ethi vikiwa safi ndipo ninapogusa nyaya za mtandao. Natoa hasi ya betri, nasubiri dakika chache, napima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine. Mtandao una rezista ya omu 120 kila mwisho, mara nyingi zikiwa ndani ya maboksi yenyewe, na mbili kwa pamoja zinasoma omu 60. Ukisoma 120, mwisho mmoja hauonekani: waya umekatika au boksi la mwisho limechomolewa. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ukisoma 40, kuna rezista ya tatu ambayo haikuzaliwa na gari hilo.

Lakini 60 siyo cheti cha usafi. Waya ukikatika kwenye tawi la boksi moja, njia kuu inabaki nzima na OBD itasoma 60 vilevile. Ndiyo maana narudia kipimo kwenye soketi ya boksi linalolalamikiwa, likiwa limechomolewa. Kama siyo boksi la mwisho wa njia, pale pia nataka kuona 60. Na kwenye magari mapya yenye getiwei, boksi linalounganisha mitandao tofauti ya gari, pini za OBD zinaishia kwenye getiwei, kwa hiyo kipimo cha pale hakisemi lolote kuhusu mitandao iliyo nyuma yake.

Kisha narudisha betri, nawasha swichi, napima kila waya dhidi ya ethi. Mtandao ukitulia, zote mbili ziko kwenye volti 2.5. Zinapozungumza, CAN-H (waya wa volti ya juu) inapanda kufikia 3.5 na CAN-L (wa volti ya chini) inashuka kufikia 1.5. Mita inatoa wastani tu, hivyo CAN-H itasoma juu kidogo ya 2.5 na CAN-L chini kidogo. Sifuri maana yake waya umegusa bodi ya gari. 12 umegusa umeme.

Ikiwa hakuna hata boksi moja linalojibu, nachomoa kimoja kimoja mpaka mtandao uzinduke, na ninaanza na vitu vya kigeni: traka, alamu, redio ya Android. Mfungaji mwenye haraka hukata zile nyaya mbili, huzisokotoa, huunga kwa kupindapinda na kufunga utepe. Usokotaji ule una kazi. Kelele za umeme zinapiga nyaya zote mbili sawasawa, na boksi linasoma tofauti kati yao, hivyo kelele inajifuta. Ukizitenganisha kwa urefu mkubwa unaiondoa kinga hiyo. Ukilazimika kuunga, zilehemu, kila waya uvalishe mpira wake wa kubana kwa joto, urefu ubaki sawa, kisha zisokote tena. Na tafadhali usichome waya kwa sindano ili upime. Huku pwani hewa yenye chumvi inaingia kwenye kitundu hicho, na baada ya muda shaba ya ndani ni ya kijani.

Kodi inayokuja na kuondoka inahitaji subira. Boksi likikosea sana kurusha taarifa, kihesabio chake cha makosa kinapita 255 na linajitoa lenyewe kwenye mtandao ili lisiwaharibie wengine. Ukifika na mashine huenda limesharudi. Hapo nawasha gari, naacha mashine ikionyesha taarifa za boksi hilo, natikisa nyaya kipande kwa kipande: nyuma ya dashibodi, chini ya kapeti ambako maji ya mvua hutuama, na kwenye chumba cha injini ambako panya hupenda joto.

Boksi lenyewe ninalihukumu tu pale ambapo kwenye soketi yake balbu inawaka vizuri, omu ni sahihi, mazungumzo ya mtandao yanafika, na bado kimya. Matokeo hayo namwandikia mwenye gari kwenye karatasi, pamoja na namba iliyobandikwa kwenye boksi, ndipo aende kutafuta jingine.