Hapakuwa na kibali cha mfalme

Kila muhula wanafunzi wangu wa isimu huniletea hadithi ileile, mara nyingi imetoka kwenye kundi la WhatsApp. Tauni iliua watu wengi Uingereza, mfalme akataka nchi ijae tena, basi wanandoa wakapewa kibali na kutundika mlangoni ubao wenye maneno "Fornication Under Consent of the King". Okota herufi za mwanzo, unapata fuck, tusi la Kiingereza.

Si kweli, na inaniuma kwa sababu inafunika historia halisi iliyo tamu zaidi. Fornication ni zinaa. Mfalme anayewahimiza mume na mke wazae ataitaje tendo lao zinaa? Tena nyaraka za kifalme za karne ya 14, enzi za tauni hiyo, ziliandikwa zaidi kwa Kilatini na Kifaransa. Kubwa kuliko yote, kuunganisha herufi za mwanzo hadi ziwe neno la kutamkwa kulikuwa nadra mno kabla ya karne ya 20. Neno radar, kifupisho cha Kiingereza, lilizaliwa enzi za Vita vya Pili vya Dunia. UKIMWI wetu, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ni wa miaka ya 1980. Ukiambiwa tusi la kale ni kifupisho, shuku kwanza.

Neno hili lina ndugu. Waholanzi wana fokken, kuzalisha mifugo. Lahaja za Kinorwe zina fukka, za Kiswidi focka. Undugu huo tunautambua kama tunavyotambua kwamba tatu ya Kiswahili, ssatu ya Kiganda na thathu ya Kizulu zimetoka tumbo moja. Ubao wa mlangoni hauzai ukoo wa namna hiyo.

Wenye kamusi nao wana lawama. Toleo la kwanza la kamusi kuu ya Oxford, lililokamilika 1928, lililiruka neno hili. Liliingia kwenye nyongeza ya 1972. Miaka yote hiyo aliyetaka kujua asili yake alifungua kamusi hiyo akakuta kimya, na wapiga porojo wakapata nafasi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni shairi la karne ya 15, mseto wa Kilatini na Kiingereza, linalowakejeli watawa wa Cambridge. Linasema hawamo mbinguni kwa sababu... kisha mshairi anaandika gxddbov. Rudisha kila herufi hatua moja katika alfabeti ya wakati ule, ambamo u na v zilihesabiwa herufi moja na w haikuwemo. G inakuwa f, x inakuwa u, d mbili ni c mbili, b ni a, o ni n, v ni t: fuccant. Ni mzizi wa Kiingereza uliopachikwa mwisho wa kitenzi cha Kilatini, na anaotaja kufanyiwa tendo hilo ni wake za watu wa Ely, mji wa jirani. Neno lilikuwa chafu tayari, hata mtu mwenye ulimi mkali kama huyu akaona alifiche kwa msimbo. Lingekuwa linaning'inia milangoni kwa amri ya mfalme, angelificha la nini?