Kilomita na saa za ndege: hesabu zinazotudanganya

Dhana: Gawanya umbali kwa kasi ya ndege, utapata saa za safari.

Jaribu. Kutoka Heathrow, London, hadi JFK, New York, ni takriban kilomita 5,540. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Jibu: saa 6 na dakika chache. Lakini tiketi ya kwenda New York itakuandikia karibu saa 8. Ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho, si magurudumu yanapoacha ardhi, na huendelea hadi isimame kwenye maegesho ya upande wa pili. Humo mna foleni ya kusubiri zamu ya kuruka, kupanda, kushuka, hata kuzunguka angani kungoja nafasi ya kutua. Juu yake mashirika huongeza dakika za akiba, ndiyo maana ndege iliyochelewa kuondoka mara nyingine hutua kwa wakati na rubani akasifiwa bure.

Dhana: Kwenda na kurudi ni muda mmoja, ukitofautiana, ni kwa sababu dunia inazunguka.

Hili la dunia kuzunguka limeota mizizi. Kwenye ikweta uso wa dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Kama ndege ingeachwa nyuma, ingetosha kupaa na kusubiri mji uje wenyewe! Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Kinacholeta tofauti ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi kuna mikondo mikali inayovuma kuelekea mashariki. Anayetoka New York kwenda London husukumwa. Anayerudi hupambana nayo. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilivuka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Ikipimwa kwa ardhi, kasi yake ilipita kilomita 1,300 kwa saa, ila haikupita kasi ya sauti ndani ya hewa iliyoizunguka: hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikimbia.

Dhana: Rubani anayepinda kaskazini anazunguka bure.

Ramani bapa ndiyo iliyopinda. Chukua tufe, vuta uzi kutoka London hadi Los Angeles, nao utapita Greenland.

Dhana: Umbali unaooneshwa mtandaoni ndio ndege itakaouruka.

Ule ni umbali mfupi kabisa juu ya tufe. Ndege hukwepa dhoruba na hufuata anga iliyo wazi. Urusi ilipofunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ikichukua muda wa saa 9 hivi ikawa ya karibu saa 13. Viwanja havikusogea hata hatua moja.

Angalia pia kipimo: maili ya marubani ni mita 1,852, ya barabarani ni mita 1,609 hivi.

Dhana: Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.

Tiketi huandika saa za mahali. Ondoka Tokyo saa 11 jioni, kaa angani kwa muda wa saa 10, nawe waweza kushuka Los Angeles saa 5 asubuhi ya siku ileile. Kwa hesabu hiyo, umefika kabla hujaondoka.