Je wajua: dimbwi lilikauka kabisa, sasa samaki wametoka wapi?

Huku Chanika kuna dimbwi bondeni, kiangazi linakauka mpaka tope linapasuka na madogo wanapigia mpira humohumo, masika ikipiga linajaa, wiki chache tu unaona visamaki vinakatiza majini. Wapo wanaosema vimeshuka na mvua. Hapana bana, vilikuwa chini ya miguu ya wacheza mpira.

Hao ni jamii inayoitwa Nothobranchius, wako kwenye madimbwi mengi ya pwani yetu, dume ana rangi kali na jike kapauka, wengine wana madoa meusi. Wanataga kwenye tope, maji yakiisha wazazi wote wanakufa ila mayai yanasinzia humo kwenye udongo miezi na miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwahiyo maisha yote ya samaki yanaisha ndani ya msimu mmoja!

Sasa hapo ndo utaelewa kwanini kukauka ni faida. Samaki wakubwa hawakai kwenye maji ya msimu, maana yake watoto wa chura na wa kereng'ende wanakua bila kuliwa hovyo. Na ukina mfupi unasaidia pia, jua linafika mpaka chini, maji yanapata joto, mwani unaota, halafu yangeyange anatembea anadonoa anachotaka, kwenye maji marefu angesimama wapi?

Ukitaka kutengeneza lako kwenye kiwanja (badala ya kukimbilia kumwaga kifusi), chimba kama sahani sio kama ndoo, kingo zishuke taratibu, katikati maji yaishie magotini. Udongo wa mfinyanzi unashika maji vizuri, mchanga utakusumbua. Usiweke perege, watamaliza kila kitu, na maji ya karo yasiingie.

Mbu je? Wapo, tusidanganyane, yule wa malaria anapenda sana dimbwi jipya lenye jua na kwa joto letu yai linakuwa mbu ndani ya wiki moja hivi au mbili. Watoto wa kereng'ende wanawala lakini wanahitaji muda wajae, kwahiyo chimba mbali na nyumba.

Mwaka wa kwanza samaki usitegemee, mayai hayaji yenyewe. Vyura hawahitaji kualikwa, mvua kubwa ya kwanza tu usiku huohuo utawasikia, na kulala itakuwa shida kidogo.