Je, wajua ni watoto wangapi wana mzazi mwenye ugonjwa wa akili?

Zamani ningeulizwa hili swali ningesema labda mtoto mmoja kwa mia. Kichwani mwangu mgonjwa wa akili alikuwa yule anayezurura na matambara akiongea peke yake, au aliyelazwa Mirembe kule Dodoma, na nilidhani mtu kama huyo hana watoto. Nilikosea kote kuwili. Wapo wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, wanaolea watoto, alafu magonjwa mengi ya akili ni sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi uliopitiliza, mama anaamka alfajiri anachemsha chai anavalisha watoto yunifomu, jirani hajui lolote na pengine hata mume hajui, watu wanasema tu siku hizi mama fulani kawa mkali.

Sasa namba. Uingereza walipekua mafaili ya kliniki ya 2005 hadi 2017 wakakuta asilimia 23.2 ya watoto wa miaka 0 mpaka 16 mama yao ana ugonjwa wa akili, yaani karibu mtoto 1 kati ya 4, na nyingi zilikuwa sonona na wasiwasi. Ila kilichonishtua zaidi ni kwamba wakimfuata mtoto mpaka afike miaka 16, zaidi ya nusu wameshapitia hali hiyo!

Inakuwaje robo igeuke nusu? Chukua mtaa wa mabati makuukuu. Mvua inanyesha leo, unapita unahesabu nyumba zinazovuja, unakuta robo. Kesho kutwa hawa wameziba, wengine wameanza kuvuja. Ukibisha hodi kila mlango ukauliza, tangu mhamie hapa paa limewahi kuvuja? hapo ndo utasikia ndio nyingi, na wengine watakwambia lilivuja msimu mmoja tu likatengenezwa likaisha. Sonona nayo iko hivyo, inakuja, inatibika, kwa wengine inarudi.

Hizo hesabu ni za akina mama tu, baba hawakuhesabiwa, na ni waliofika kwa daktari, kwahiyo usizihamishe kwetu zilivyo. Kwa nchi zinazoendelea Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria karibu mama 1 kati ya 5 anapata tatizo la akili, hasa sonona, baada ya kujifungua.

Norway tangu 2010 sheria inamtaka mhudumu wa afya aandike kama mgonjwa wake wa akili ana watoto wadogo. Natamani na huku daktari akiandika dawa aulize, mama, nyumbani una watoto wangapi, na nani anakusaidia nao?