Siku za mwizi si lazima ziwe arobaini: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu kesi za mauaji zilizolala

Joseph James DeAngelo alikamatwa nyumbani kwake Citrus Heights, karibu na Sacramento, California, tarehe 24 Aprili 2018. Alikuwa mzee wa miaka 72, mstaafu, baba wa mabinti watatu. Mauaji ya kwanza aliyokuja kuyakiri yalitokea Septemba 1975. Hapo katikati kuna watu 13 waliouawa, wanawake wapatao 50 waliobakwa, na nyumba zaidi ya mia moja zilizovunjwa.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na kwa Kiswahili pia, kwenye video na kwenye magrupu ya WhatsApp. Kila kinaposimuliwa huokota uongo njiani. Upo uongo usio na madhara, na upo unaowaumiza watu ambao mpaka leo wanasubiri kujua nani aliwaulia ndugu yao. Huo wa pili ndio ulionifanya niandike.

"Siku za mwizi ni arobaini, lazima angekamatwa tu"

Methali hii inamhusu mwizi anayeendelea kuiba mpaka mazoea yamponze. DeAngelo alikuwa ameshaacha. Kilichomponza ni jokofu.

Mwaka 1980, DeAngelo aliwaua mume na mke nyumbani kwao Ventura, kusini mwa California. Daktari aliyechunguza maiti, Peter Speth, alikuwa na desturi ya kuchukua sampuli mara mbili: seti moja kwa maabara ya polisi, nyingine ibaki kwenye jokofu la ofisi. Seti hiyo ya pili ilikaa kwenye baridi miaka 37 bila kuguswa, na ndiyo iliyotoa vinasaba vya kutosha kumtafuta mtu huyu upya.

Sasa tazama upande wa pili. Sacramento, walikobakwa wanawake wengi zaidi, vielelezo vya ubakaji vilitupwa baada ya muda wa kushtaki kupita. Kaunti jirani ya Contra Costa haikutupa vyake, na vipimo vya mwaka 2001 vikaonyesha kwamba mbakaji wa kaskazini na muuaji wa kusini mwa California ni mtu mmoja. Kabla ya hapo alikuwa na majina mawili ya kubandikwa, katika majalada ya ofisi mbalimbali ambazo hazikuzoea kupeana habari. Watu wanapouliza kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo, mimi huanzia hapo.

"Kompyuta ya DNA ilimtaja jina"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na naielewa. Kwetu Tanzania vinasaba vikitajwa, wengi wetu hukumbuka ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za kutafuta baba wa mtoto: kuna mtoto, kuna mwanamume, jibu linatoka ni wake au si wake. Lakini pale unakuwa tayari na mtu wa kumlinganisha. Katika kesi iliyolala unayo sampuli, mtu huna.

Kanzidata ya polisi ya Marekani ina vinasaba vya waliowahi kupita mikononi mwa sheria kwa namna iliyowalazimu kutoa sampuli. DeAngelo hakuwamo. Ungeweza kuitafuta humo kila siku usipate kitu.

Mpelelezi Paul Holes wa Contra Costa na wenzake wakaamua kutafuta ukoo badala ya mtu. Jaribio la mapema, mwaka 2017, liliwafikisha kwa mzee aliyekuwa akitunzwa katika nyumba ya wazee huko Oregon. Walichukua sampuli yake, na hakuwa yeye. Wanaosimulia kisa hiki hupenda kumruka mzee huyo. Mimi naona ni muhimu kuliko sehemu nyingi za hadithi, kwa sababu anaonyesha kwamba jina linalotoka kwenye mti wa ukoo ni fununu tu, na mtu asiye na hatia anaweza kugongewa mlango kwa fununu hiyo.

Baadaye aliongezeka Barbara Rae-Venter, mwanasheria mstaafu aliyejifunza kufuatilia nasaba. Sampuli ya Ventura iliandaliwa kama zile za watu wanaotafuta jamaa zao, ikawekwa kwenye tovuti ya GEDmatch. Jibu lililorudi halikuwa ndugu wa karibu. Walikuwa jamaa wa mbali, wanaokutana na muuaji kwa mababu wa karne ya 19. Kutoka kwa mababu hao ilibidi kushuka kizazi kwa kizazi: watoto, wajukuu, vitukuu, vilembwe, vining'ina. Kila tawi lilichambuliwa kwa vyeti vya ndoa, sensa na matangazo ya vifo. Wanawake wanaondolewa, wasio na umri unaolingana wanaondolewa, wasiowahi kuishi California wanaondolewa. Kazi hiyo ilichukua miezi.

Hata walipobaki na jina la DeAngelo hawakumkamata. Walimfuata, wakapangusa mpini wa mlango wa gari lake alipokuwa dukani, kisha wakachukua tishu kwenye takataka zake. Ulinganisho huo wa moja kwa moja ndio uliompeleka mahakamani.

Jambo jingine lilijulikana baadaye, gazeti la Los Angeles Times lilipoliandika mwaka 2020: wapelelezi walikuwa wametumia pia kanzidata za kampuni binafsi za kupima asili, bila wateja kujua. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Minneapolis akituma mate yake kwa posta ili ajue asili yake, ametuma na sehemu yako wewe uliyeko Tanga. Mwuaji akamatwe, nataka hivyo kwa moyo wote, lakini mwenye mate naye aulizwe. Tena hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo njia hii hufanya kazi vizuri zaidi kwao. Maiti ya Mwafrika isiyojulikana jina ina nafasi ndogo ya kupata jamaa humo.

"Ni watu wa akili nyingi ajabu, tena wapweke"

DeAngelo alikuwa polisi. Alifanya kazi katika mji wa Exeter, California, kuanzia 1973, kisha Auburn, na alifukuzwa mwaka 1979 baada ya kukamatwa akiiba nyundo na dawa ya kufukuza mbwa dukani. Sioni akili nyingi hapo.

Mfikirie pia Gary Ridgway wa jimbo la Washington, aliyekiri mauaji 48 mwaka 2003 na kuongezewa la 49 mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi malori. Sekondari aliimaliza akiwa na miaka 20. Polisi walishamshuku mapema, wakampima kwa mashine ya kubaini uongo mwaka 1984, naye akafaulu. Mashine hiyo hupima mapigo ya moyo, pumzi na jasho, haioni uongo. Kilichomnasa ni mate aliyochukuliwa mwaka 1987, yakahifadhiwa mpaka teknolojia ya 2001 ilipoweza kuyasoma.

Wengi wa waliouawa naye walikuwa wasichana waliotoroka makwao au waliojiuza barabarani. Wasichana kama hao wakipotea, makelele huwa machache. Tukimwita Ridgway gwiji, tunampa sifa iliyotokana na uzembe wa wengine.

"Mtu kama huyo hawezi kuacha, akinyamaza, amekufa au yuko jela"

Mauaji ya mwisho ya DeAngelo yanayojulikana ni ya Mei 1986. Baada ya hapo aliishi uraiani miaka karibu 32.

"Akikiri, jalada lifungwe"

Henry Lee Lucas alikiri mamia ya mauaji huko Texas miaka ya 1980, na polisi wa majimbo mengi wakafunga kesi kwa maneno yake. Ikaja kuonekana kwamba mengi asingeweza kuyatenda, kwa kuwa siku hizo alikuwa mahali pengine kabisa. Hukumu yake ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 1998. Kila jalada lililofungwa kwa uongo wake lilimwacha muuaji halisi akitembea.

Huko Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya msichana mwaka 1986. Vinasaba, vilivyokuwa vipya kabisa katika upelelezi, vilimwondolea hatia. Colin Pitchfork ndiye aliyehukumiwa mwaka 1988. Kazi ya kwanza ya DNA katika kesi ya mauaji ilikuwa kumwokoa asiye na hatia.

"Ni mambo ya zamani, waliohusika wameshakufa"

Tarehe 29 Juni 2020, kwa sababu ya Uviko-19, mahakama ilihamia kwenye ukumbi mkubwa wa chuo kikuu cha jimbo huko Sacramento ili watu wakae mbalimbali. DeAngelo aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akikiri mauaji 13. Ubakaji usingeweza kushtakiwa tena, muda ulishapita. Lakini sharti la makubaliano lilikuwa aukiri hata hivyo, kwa hiyo tukio moja baada ya jingine lilisomwa, naye akajibu kwa sauti hafifu, "Nakubali."

Wanawake aliowabaka walikuwamo ukumbini. Agosti mwaka huohuo, siku tatu mfululizo, walionusurika na ndugu wa waliouawa walisimama mbele yake wakasema aliyowafanyia, wengine kwa mara ya kwanza hadharani. Tarehe 21 Agosti alihukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka.